Umakini Uliotawanyika: Bao, Ukili na Kitabu Mahali pa Simu

Kwa desturi, malalamiko ya kusahau huletwa hospitalini na wazee, au na watoto wa wazee hao wakiwa wamewashika mkono. Siku hizi kliniki za afya ya akili na za mishipa ya fahamu huyapokea pia kutoka kwa watu wa miaka ishirini na thelathini na kitu: mhasibu, mwanafunzi wa sheria, muuguzi wa zamu ya usiku, mama mwenye duka la vipodozi. Mlalamikaji hana historia ya kuumia kichwa wala ya kifafa. Anasema ameingia chumbani na hakumbuki alichofuata. Amesoma ukurasa mmoja mara tatu, na akiulizwa ulihusu nini hana jibu. Ameambiwa jambo na mkewe asubuhi, na jioni anaapa kwamba hakuambiwa. Hofu yake, ambayo wakati mwingine huitamka kwa sauti ya chini, ni kwamba ugonjwa wa usahaulifu wa wazee umemfikia kabla ya uzee wenyewe. Wapo wanaofika wakiwa wamekwisha kulipia picha ya ubongo kwa fedha za kukopa.

Mtu wa namna hii anastahili kusikilizwa na kupimwa, si kuchekwa. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, pombe, virusi vya UKIMWI, kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, na zaidi ya yote sonona, vyote huweza kujitokeza kwa sura ya usahaulifu. Lakini pale vipimo vyote vinaporudi safi, lipo swali moja ambalo huanza kufungua fumbo: simu yako hukaa mkononi saa ngapi kwa siku? Simu nyingi za kisasa huweka hesabu hiyo zenyewe, na mgonjwa anapoombwa kuifungua mbele ya daktari, aghalabu yeye ndiye anayeshangaa kwanza. Alidhani saa mbili. Hesabu inasema sita.

Ili kuelewa uhusiano wa saa hizo sita na ukurasa uliosomwa mara tatu bila faida, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kumbukumbu na umakini. Kumbukumbu hupitia hatua tatu. Kwanza jambo hupokelewa, kisha huhifadhiwa, na baadaye hurejeshwa linapohitajika. Katika magonjwa ya usahaulifu wa uzeeni, ghala lenyewe huanza kubomoka. Kwa kijana anayezungumziwa hapa ghala ni zima, ila bawabu hayupo mlangoni. Maneno ya mkewe yalimfikia masikioni akiwa anapitisha kidole gumba juu ya kioo, kwa hiyo hayakupokelewa hata kidogo. Hawezi kukumbuka kisichowahi kuingia. Kumweleza mtu tofauti hii ni nusu ya tiba, kwa kuwa humwondolea hofu, na hofu yenyewe ni mla umakini mkubwa.

Kutawanyika huku kwa umakini kumepimwa. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine amewafuatilia wafanyakazi wa ofisini wanaotumia kompyuta kwa takribani miongo miwili. Mwaka 2004 mtu alikaa na ukurasa mmoja wa skrini kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia mwingine. Mwaka 2012 wastani ulikuwa sekunde 75. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Izingatiwe kwamba takwimu hizo zinahusu watu waliokuwa kazini, wakilipwa kwa ajili ya kutulia.

Sababu za hali hii hazitokani na udhaifu wa tabia ya kizazi kipya, kama wahubiri wa kila aina wanavyopenda kusema. Chombo chenyewe kimebuniwa hivyo. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, kitabu kina jalada la nyuma, na redio ya zamani ilifunga matangazo usiku. Mwaka 2006 mbunifu wa programu wa Marekani, Aza Raskin, alivumbua ukurasa usio na mwisho, ambao habari mpya hujipakia zenyewe kila msomaji anapokaribia chini. Baadaye yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia ubunifu huo. Alichokiondoa ni kitu kidogo ambacho watu hawakujua kwamba wanakitegemea, nacho ni kikomo: mahali ambapo mtu hujiuliza, bila hata kukusudia, kama aendelee au ainuke.

Juu ya ukosefu wa kikomo imeongezwa bahati nasibu. Charles Ferster na B. F. Skinner, katika kitabu chao cha mwaka 1957, walionyesha kwamba njiwa anayepewa punje baada ya idadi isiyotabirika ya kudonoa hudonoa kwa kasi na kwa uvumilivu kuliko anayepewa kwa utaratibu unaojulikana, na punje zikikatizwa huchelewa sana kukata tamaa. Miongo minne baadaye, kazi za Wolfram Schultz na wenzake juu ya ubongo wa kima zilionyesha upande wa ndani wa jambo hilohilo: seli zinazotoa dopamini huchangamka zaidi tunzo inapokuja bila kutarajiwa kuliko inapokuja kama ilivyotarajiwa. Video tisa za kuchosha na ya kumi ya kuchekesha ni punje za njiwa. Hapa inafaa kusahihisha kauli inayozagaa mitandaoni kwamba dopamini ni “homoni ya raha” na kwamba mtu anaweza “kuifunga” kama anavyofunga Ramadhani au Kwaresima. Dopamini ni mjumbe wa kujifunza na wa kutamani zaidi kuliko wa kufurahi. Ndiyo maana mtu anaweza kuendelea kuperuzi hadi saa nane za usiku ilhali raha yenyewe ilikwisha saa tano.

Pamoja na hayo, uadilifu wa kisayansi unadai kusema pia upande wa pili. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti zao za ustawi wa nafsi. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, unatambua tatizo la kucheza michezo ya kidijitali kupita kiasi lakini hauutaji “uraibu wa simu” kama ugonjwa. Hata lile jaribio mashuhuri la mwaka 2017, la Adrian Ward na wenzake huko Texas, lililoonyesha kwamba simu iliyolala tu mezani, hata ikiwa imezimwa, hupunguza uwezo wa kufikiri wa mwenyewe, halikupata matokeo yaleyale kila liliporudiwa na wengine. Na nani atamwambia mama wa duka la vipodozi aitupe simu ambayo ndiyo benki yake, ndiyo leja yake, na ndiyo njia pekee ya kumsikia mwanawe aliyeko Muscat?

Kwa hiyo hoja ya kitabibu haiko katika kuilaani simu. Iko katika kuuliza ni nini kilichohamishwa ili simu ipate nafasi yake. Saa sita hazikutoka hewani. Zilitolewa katika usingizi, katika mazungumzo, katika kutembea, na katika zile shughuli ndogo ambazo mtu alizifanya kwa kuzipenda tu.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2025 katika jarida la PNAS Nexus linaangaza vizuri sehemu hii. Watu 467 wa Marekani na Kanada waliombwa kuzuia intaneti katika simu zao kwa wiki mbili. Kupiga na kupokea simu kuliruhusiwa, ujumbe mfupi uliruhusiwa, na kompyuta iliruhusiwa. Muda wao wa kukaa na simu ulipungua kwa karibu nusu. Asilimia 91 kati yao waliboreka angalau katika jambo moja kati ya matatu yaliyopimwa, yaani afya ya akili, ustawi wa nafsi, na uwezo wa kudumisha umakini. Kuhusu umakini, watafiti waliulinganisha unafuu huo na kurudisha nyuma miaka kumi ya kupungua kunakoletwa na umri. Lakini la kutiliwa mkazo zaidi ni maelezo ya sababu zake: washiriki walitumia muda uliopatikana kukutana na watu ana kwa ana, kufanya mazoezi, na kukaa nje penye miti na hewa. Kadhalika, wengi wao hawakuweza kutimiza masharti kwa siku zote. Mambo hayo mawili yasomwe pamoja. Kuondoa simu peke yake huacha shimo, na shimo lisilofukiwa kwa kitu kingine hufukiwa na simu ileile kabla ya juma kwisha.

Lugha ya Kiswahili, kwa namna ya ajabu, ina neno moja linalobeba pande zote mbili za suala hili. Katika vituo vya methadoni, mraibu ni mtu aliyetekwa na heroini. Lakini katika kamusi, na katika insha za wanafunzi wa Kenya hadi leo, uraibu ni pia jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wake wa faragha: kupanda maua, kusoma riwaya, kukusanya stempu. Wenye lugha hawakukosea kuyaweka chini ya paa moja. Yote huishika akili na kuivuta irudi. Tofauti huonekana mtu anapoinuka: mmoja huinuka akiwa amechoka zaidi ya alivyoketi, na mwingine huinuka ametulia, mara nyingi akiwa na kitu mkononi au rafiki pembeni.

Mfano ulio karibu kabisa na wasomaji wa pwani, na wa bara pia, ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa asili ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete sita ndani ya nyumba yake, mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Katika awamu ya kwanza, ya kunamua, kete za mkononi huingizwa ubaoni moja baada ya nyingine. Zikimalizika huanza mtaji, na hapo kila kitu huchezwa kwa zilizomo ubaoni. Anayekula kete za mwenzake huzianzisha upande wake kutoka kichwani, na iwapo kete ya mwisho itaangukia palipo na nyingine, safari huendelea. Mchezo mmoja huweza kuzunguka ubao na kubadili karibu kila shimo. Mchezaji hodari ni lazima aione hali mpya ya mashimo yote akilini kabla hajagusa kete, kisha afikirie jibu la mwenzake, kisha jibu la jibu hilo. Mtafiti Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa miaka kadhaa, na tasnifu yake aliyoitetea Leiden mwaka 1995 ilihusu hasa mipaka ya akili inayojaribiwa na mchezo huo.

Kwa daktari wa akili, kinachovutia katika bao ni mpangilio wake. Macho yana mahali pa kutua. Kosa huonekana papo hapo na hulipiwa. Mwenzako yuko mbele yako, unasikia pumzi yake, na watazamaji watatu wanasema bila kuombwa. Kila raundi ina mwisho. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyetumia maisha yake kuchunguza hali ya mtu kuzama katika shughuli hata akasahau saa, alitaja masharti yake makuu kuwa lengo lililo wazi, mrejesho wa haraka, na ugumu unaolingana na uwezo. Baraza la bao lina yote matatu. Vivyo hivyo drafti inayochezwa kwa visoda chini ya mwembe wa kijiwe chochote cha bodaboda, keram ya Unguja, na karata pale zisipotiwa fedha.

Hata hivyo mtu asitangaze bao kuwa dawa ya kumbukumbu. Ustadi unaopatikana katika mchezo mmoja hubaki zaidi katika mchezo huohuo; bingwa wa bao anaweza kupoteza funguo zake kila siku. Uchunguzi wa Joe Verghese na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 na kuhusu wakazi 469 wa Bronx, New York, waliopita miaka 75, uliwakuta wanaosoma, wanaocheza michezo ya ubaoni, wanaopiga ala za muziki na wanaocheza dansi wakiwa na hatari ndogo ya kupata ugonjwa wa usahaulifu. Nao utafiti wa mwaka 2023 katika Nature Medicine, uliohusisha watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16, uliwakuta wenye shughuli wanazozipenda wakiwa na dalili chache za sonona na kuridhika zaidi na maisha. Tafiti zote mbili ni za kufuatilia, si za majaribio. Inawezekana kabisa kwamba ubongo unaoanza kudhoofika ndio unaoacha bao kwanza. Na kati ya nchi hizo 16, hata moja haikuwa ya Afrika, upungufu ambao vyuo vya eneo hili ndivyo vyenye wajibu wa kuuziba.

Kuna kundi lingine la shughuli ambalo thamani yake iko katika vidole. Mkeka wa Pemba hauanzi na kusuka. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, kisha mikanda mirefu ya ukili hushonwa pamoja. Kofia ya mkono yenye viua vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi huchukua majuma mengi kabla ya kuvaliwa Idi. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi, ambavyo vijana wa mjini huvicheka, ni kazi ya maelfu ya vitanzi vinavyofanana. Marudio haya yana mdundo, na mdundo huo huipa akili kazi ya kutosha kuizuia isirudi katika mawazo mabaya, lakini si kazi nyingi kiasi cha kuizuia isizungumze na jirani. Lipo pia jambo la wazi mno ambalo vitabu vya tiba husahau kulitaja: mikono iliyoshika chane za ukindu haiwezi kushika simu. Mikono yenye unga wa maandazi haiwezi. Iliyo ndani ya udongo wa bustani ya mchicha haiwezi, wala ya mtu anayeogelea. Nia ya mtu huyumba kila saa, ilhali mikono iliyojaa hailindwi na nia.

Tiba ya akili barani Afrika imelijua hili kwa muda mrefu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili waliopata nafuu, ambapo kulima na kufuga kulikuwa sehemu ya matibabu. Karibu zaidi na siku zetu, nchini Zimbabwe, daktari bingwa Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu wenye sonona na wasiwasi kuyachambua matatizo yao. Jaribio lililohusisha wagonjwa 573, lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, lilithibitisha kwamba mbinu hiyo inafanya kazi, na mpango huo umevuka hadi Malawi na Zanzibar. Jambo lisilosimuliwa sana ni kile kinachofuata benchi. Waliomaliza vikao hualikwa katika vikundi vya kusaidiana, na humo hufuma mikoba huku wakizungumza. Mwanamke ambaye hakuweza kusema lolote akiwa ameangaliwa usoni huweza kusema mengi akiwa anaangalia sindano yake.

Ushauri wa namna hii una kasoro moja ambayo wanaoutoa huipita kwa haraka. Baraza la bao, kwa sehemu kubwa, ni la wanaume. Mwanamke anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni, akapika, akaosha vyombo, akawalaza watoto na kupiga pasi sare zao, hana saa mbili za kujifunza gambusi. Simu ndiyo burudani pekee inayoweza kuingia katika dakika saba zilizobaki, na kumwambia aiweke kando bila kumpa muda ni kumnyang’anya kiti alichokalia. Katika nyumba kama hiyo, hatua ya kwanza ya kitabibu ni mume kuosha vyombo.

Usiku unahitaji neno lake peke yake, kwa sababu ndiko simu inakodhuru kwa uhakika zaidi. Mwaka 2015 Anne-Marie Chang na wenzake waliwalinganisha watu 12 wakisoma kitabu cha karatasi na wakisoma katika kioo chenye mwanga kabla ya kulala. Kioo kilipunguza melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku, kikachelewesha usingizi kwa karibu dakika kumi, na kuwaacha wasomaji wakiwa wazito zaidi asubuhi. Dakika kumi ni chache. Kinachotafuna usingizi zaidi ya mwanga ni yaliyomo: ugomvi wa kikundi cha ukoo, picha za ajali, deni lililokumbushwa saa sita usiku. Kitabu chochote cha karatasi, hata kibovu, ni salama kuliko hivyo. Kikiwa kibovu, pengine ni salama zaidi.

Anayetaka kuanza asianze na ahadi kubwa. Saa ya kengele ya kununua dukani, ya betri moja, huiondoa simu kitandani na kuipeleka sebuleni ilale huko. Mwenye mzazi mgonjwa kijijini, au aliye zamu, aiache ikiita kwa sauti lakini intaneti ikiwa imezimwa. Arifa zote zifungwe isipokuwa za simu za kawaida. Kisha ichaguliwe shughuli moja tu, iliyo karibu, isiyohitaji fedha ambazo hazipo. Mashimo ya bao huchimbwa mchangani. Mchicha huota ndani ya ndoo iliyotoboka. Kwa siku kumi na kitu za mwanzo mtu atachoshwa, na atahisi mfuko wa suruali ukitetema hali simu imo chumba kingine. Dakika ishirini zitaonekana saa nzima. Hali hiyo hupita, na katika kuchoshwa huko ndiko akili inakoanza tena kujitafutia kazi. Watoto wadogo hawahitaji hata zoezi hili, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Ni lazima kurudi kwenye sonona, kwa maana hapa ndipo kosa huweza kugharimu maisha. Mara nyingine mpangilio wa mambo ni kinyume: si simu iliyoifukuza furaha, bali furaha ilikwisha kuondoka na simu ikabaki kuwa kitu cha mwisho kinachowezekana kufanywa ukiwa umelala. Kijana aliyekuwa mcheza mpira na sasa hatoki chumbani, anayeperuzi bila hata kutabasamu, asihukumiwe kuwa mvivu wala mraibu wa mitandao. Maswali mawili hutosha kuanzia. Je, katika wiki mbili zilizopita amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, amejisikia mwenye huzuni, mnyonge, au asiye na tumaini? Jibu la “ndiyo, siku nyingi” kwa lolote kati ya hayo ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya, na akitaja kutaka kufa, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake njiani. Kwa mgonjwa wa sonona shughuli nazo ni tiba, lakini hupangwa tofauti: ndogondogo, kwa saa maalumu, pamoja na mtu wa kuambatana naye, na bila kusubiri hamu ije kwanza. Hamu hufuata nyuma, mara nyingi kwa kuchelewa.

Kwa wengine, wale waliokuja na hofu ya kusahau na kurudi na ubao wa bao au sindano ya kufumia, ziara ya pili hupangwa baada ya wiki sita hivi. Daktari haulizi sana kuhusu saa za simu. Huuliza kama wamemaliza kitabu, kama mkeka umefika wapi, nani aliwafunga barazani wiki iliyopita, na kama mke bado analalamika kwamba hasikilizwi. Swali la mwisho, inapowezekana, huulizwa kwa mke mwenyewe. Na yule ambaye amelala vizuri, ameiweka simu sebuleni, amecheza na amesoma, lakini bado anapotea katika njia ya kwake au anakosa majina ya vitu vya kawaida, hurudishwa kwenye vipimo bila kuchelewa, kwa sababu huyo hajasumbuliwa na kidole gumba.